Daktari wa Mainz na Betri Isiyomwagika

Mkunga anayemshona mzazi msamba usiku umeme ukiwa umekatika, tabibu anayechungulia koo la mtoto mwenye homa, na mzee anayejipima shinikizo la damu sebuleni kwake, wote wana deni kwa mtu ambaye pengine hawajawahi kusikia jina lake. Mtu huyo ni Carl Gassner, daktari wa mji wa Mainz nchini Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1942. Yeye ndiye aliyepata hataza ya betri kavu iliyofaa kwa matumizi ya kila siku, yaani betri inayoweza kulazwa, kupinduliwa, kutiwa mfukoni na kusafirishwa bila kumwaga tone. Vitabu vya shule humtaja Volta, humtaja Daniell, mara nyingine humtaja Leclanché, kisha huruka moja kwa moja hadi kwenye tochi. Gassner yumo katika pengo hilo linalorukwa.

Tangu mwanzo historia ya betri imekuwa jirani ya tiba. Luigi Galvani, ambaye mwaka 1791 alichapisha taarifa yake juu ya miguu ya chura iliyoshtuka ilipoguswa na metali mbili tofauti, alikuwa daktari na mwalimu wa anatomia mjini Bologna. Aliamini kwamba umeme ule ulitoka ndani ya mnyama mwenyewe. Alessandro Volta, mwanafizikia wa Pavia, alikataa. Kwa maoni yake umeme ulitokana na zile metali mbili, na chura alikuwa kipimo tu. Mwaka 1800 Volta alitangaza ushahidi wake: visahani vya zinki na fedha vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila jozi ikitenganishwa na nyingine kwa kadibodi au kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi. Mkondo wa umeme ulitoka bila chura. Volta alishinda ubishi, lakini Galvani hakuwa amekosea kabisa, kwani neva na misuli hufanya kazi kwa umeme kweli, na kila mashine ya kupima umeme wa moyo hospitalini ni ushahidi upande wake.

Kwa takriban miaka 80 iliyofuata, betri ilibaki kuwa chombo cha majimaji. John Frederic Daniell, Mwingereza, alitengeneza mwaka 1836 betri ya shaba na zinki iliyotoa mkondo tulivu kuliko ule wa Volta. Robert Bunsen alitumia kaboni na asidi kali ya nitriki, akapata nguvu nyingi pamoja na mvuke wa kudhuru mapafu. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alileta betri iliyokuwa na unafuu mkubwa. Ilikuwa gudulia la kioo lenye maji ya kloridi ya amoniamu, fimbo ya zinki upande mmoja, na upande wa pili kipande cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa dioksidi ya manganizi. Betri ya Leclanché haikuhitaji asidi kali, na iliweza kukaa miezi mingi ikisubiri kazi. Ilifaa kwa kengele za milango na kwa simu za telegrafu.

Hata hivyo lilikuwa gudulia la maji. Maji yalikauka, chumvi ikapanda kwenye kuta za kioo na kufurika nje, kioo kikavunjika, na mtu aliyelihamisha bila uangalifu aliharibu nguo na sakafu. Jambo hilo liliwagusa sana matabibu. Madaktari wa karne ya 19 walikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa betri: waliutumia mkondo wa umeme kuchemsha waya wa platini hadi uwe mwekundu, wakauchomea vivimbe na mishipa inayovuja damu, waliupitisha katika misuli iliyopooza, wakati mwingine kwa faida na mara nyingi kwa matumaini tu. Max Nitze, aliyeonyesha mwaka 1879 kifaa cha kuchungulia ndani ya kibofu cha mkojo, aliangaza kibofu hicho kwa waya wa platini uliowaka kwa umeme huku ukipozwa kwa maji yanayopita. Daktari aliyetaka kwenda na vifaa vya namna hiyo nyumbani kwa mgonjwa alibeba sanduku zito lenye vyombo vya kemikali za kuunguza, na akaomba barabara iwe nyoofu.

Wazo la betri isiyo na maji ya kumwagika halikuwa geni. Mapema mwaka 1812 Mwitalia Giuseppe Zamboni alikuwa ametengeneza mnara wa maelfu ya visahani vya karatasi vilivyopakwa metali upande mmoja na manganizi upande wa pili. Ulidumu muda mrefu ajabu, lakini mkondo wake ulikuwa mdogo mno hata usiweze kuwasha kitu chochote cha maana. Wengine walijaza magudulia ya Leclanché kwa mchanga, unga wa mbao au pamba, ili maji yasichezecheze. Ilisaidia kidogo tu.

Gassner aliiendea shida hiyo kwa njia nyingine. Hataza yake ya Ujerumani ni ya mwaka 1886. Ile ya Marekani, yenye namba 373,064, ilitolewa tarehe 15 Novemba 1887 kwa jina la Carl Gassner Mdogo wa Mainz. Ndani yake alitoa vipimo vinavyosomeka kama karatasi ya dawa: kwa uzito, sehemu 1 ya oksidi ya zinki, sehemu 1 ya kloridi ya amoniamu, sehemu 3 za plasta, sehemu 1 ya kloridi ya zinki, na sehemu 2 za maji. Mchanganyiko huo hukorogwa, humiminwa ungali uji, kisha hugandia hapo hapo kati ya kaboni na zinki.

Msomaji aliyewahi kufanya kazi katika duka la dawa atakuwa amekwisha kutabasamu. Plasta ni ileile ya jasi inayofungiwa mifupa iliyovunjika, ambayo wauguzi wengi huiita piopi, na ambayo daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alikuwa ameieneza tangu miaka ya 1850 kwa kuipaka kwenye bandeji. Oksidi ya zinki ni ule unga mweupe wa marhamu za vidonda na za upele wa watoto. Kloridi ya amoniamu ilikuwa, na mahali pengine bado ni, sehemu ya dawa za kikohozi za kulainisha makohozi. Kloridi ya zinki ilitumika enzi hizo kuua vijidudu na kuunguza nyama mbaya za vidonda. Mhandisi wa kengele angeyaona mambo haya manne kama kemikali za kuagizwa. Daktari wa mwaka 1886 aliishi nayo kwenye rafu moja.

Kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Plasta ilishika umajimaji kama sifongo na kugeuka jiwe jepesi, hivyo betri ikaweza kulazwa au kupinduliwa. Oksidi ya zinki iliifanya plasta ile iwe na vitundu vingi, ili mkondo upite bila kikwazo kikubwa. Kloridi ya amoniamu ndiyo ilikuwa njia ya umeme, kama katika gudulia la Leclanché. Kloridi ya zinki ilifanya mambo mawili: ilivuta unyevu na kuuzuia usipotee, na ilipunguza kuliwa kwa zinki wakati betri haifanyi kazi. Hili la pili ndilo lililoifanya betri ya Gassner iweze kukaa dukani na bado ikamfikia mnunuzi ikiwa hai.

Uamuzi wake mwingine haukuwa wa kikemia bali wa kifundi, na huenda ndio uliokuwa na werevu zaidi. Aliondoa kioo. Zinki, ambayo kwa Leclanché ilikuwa fimbo iliyotumbukizwa katika chupa, kwa Gassner iligeuzwa kuwa chupa yenyewe. Kopo la zinki likawa ncha hasi na chombo kwa wakati mmoja, kaboni ikasimama katikati kama ncha chanya, na mdomo ukazibwa. Atakayeipasua leo betri ya bei nafuu ya redio ataukuta mpangilio huo huo: kopo la zinki nje, fimbo ya kaboni katikati, na unga mweusi wenye unyevu baina yake. Volti 1.5 zilizoandikwa ubavuni nazo ni za ukoo huo.

Neno "kavu" lenyewe linadanganya kidogo. Betri iliyokauka kweli haitoi umeme, kwa sababu chembe za chumvi zinahitaji unyevu ili zisafiri. Kilichofanyika ni kuyafunga maji, wala hayakuondolewa. Wakenya waliozoea kuziita betri za tochi "mawe" walikuwa karibu zaidi na ukweli, hasa kwa betri ya Gassner, ambayo ndani yake mlikuwa na jiwe la plasta lililonyonya maji.

Namna umeme unavyotoka ndani ya jiwe hilo inaeleweka bila hesabu. Zinki huelekea kuyeyuka kidogo kidogo, na kila chembe inayoyeyuka huacha elektroni mbili nyuma yake. Elektroni hizo haziwezi kuvuka uji uliomo ndani. Huzunguka kwa nje, kupitia waya na taa, hadi kwenye kaboni. Huko hupokelewa. Lakini pokezi hilo lina kasoro: katika betri ya kizamani hidrojeni hujikusanya juu ya kaboni kama ukungu juu ya kioo na kuuziba mkondo. Dioksidi ya manganizi, wazo la Leclanché lililobaki katika betri hizi hadi leo, ipo ili kuuondoa ukungu huo. Hufanya kazi yake polepole. Ndiyo maana tochi iliyofifia huonekana kupata nguvu tena baada ya kuzimwa kwa muda: manganizi imepata nafasi ya kusafisha, na unyevu umepata nafasi ya kusambaa upya. Tochi za kwanza kabisa za Marekani, zilizotokana na hataza ya David Misell ya mwaka 1899, zilitumiwa kwa kumulika kidogo na kuzima, kwa sababu betri zake hazikuweza kuhimili zaidi ya hapo.

Kama kazi ya Gassner ilikuwa nzuri kiasi hicho, kwa nini jina lake limefifia? Sababu ya kwanza ni kwamba hakuwa peke yake. Mwaka 1887 Wilhelm Hellesen wa Denmark alitengeneza betri kavu yake mwenyewe na kuanzisha kiwanda, na Wadenmarki humheshimu yeye. Wajapani humtaja Yai Sakizō, fundi wa saa aliyefanya kazi hiyo katika miaka hiyo hiyo. Sababu ya pili ina uzito zaidi: historia ya vifaa huandikwa na wenye viwanda. Mwaka 1896 kampuni ya National Carbon ya Cleveland, Marekani, ilianza kuuza betri kavu iliyoitwa Columbia, yenye urefu wa inchi 6, ikiwa imeiondoa plasta na kuweka karatasi nene iliyolowana mahali pake. Karatasi ilikuwa nyepesi, rahisi, na iliacha nafasi kubwa zaidi kwa manganizi. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ilitoa betri ile kubwa ya tochi ambayo bado inauzwa kila duka. Mwaka 2005 Chama cha Kemia cha Marekani kiliitambua betri ya Columbia kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya kemia. Heshima hiyo ni halali, maana kutengeneza kitu kimoja kizuri na kutengeneza mamilioni yanayofanana ni kazi mbili tofauti. Lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni la bidhaa, na daktari aliyetoa msingi wake akabaki katika namba ya hataza.

Madaktari wenyewe hawakumkumbuka pia, ingawa walifaidi mapema. Mwaka 1913 Henry Janeway wa New York alieleza kifaa cha kuangalia zoloto chenye betri ndani ya mpini wake, hivyo mtoa usingizi hakuhitaji tena kuburuta waya kutoka kwenye sanduku la pembeni. Mpini huo wenye betri ndio unaoshikwa hadi sasa katika kila chumba cha upasuaji mrija wa hewa unapoingizwa. Vifaa vya kusaidia kusikia, vilivyokuwa mezani mwanzoni mwa karne ya 20, vilishuka hadi kifuani na hatimaye vikaingia sikioni kwa kadiri betri zilivyopungua ukubwa. Kutoka hapo njia ni ndefu na ina watu wengine: Samuel Ruben na betri yake ya zebaki wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Wilson Greatbatch, ambaye alisimamia betri ya lithiamu na aidini iliyoanza kuwekwa katika vidhibiti mapigo ya moyo mwaka 1972 na kuwaepusha wagonjwa na upasuaji wa mara kwa mara wa kubadilisha betri. Hao wana wasifu wao. Hapa wanatajwa tu ili ukoo uonekane.

Kwa Afrika Mashariki, kopo la zinki lilikuja pamoja na redio ya transista na tochi. Dar es Salaam na Nakuru zote zilipata viwanda vya betri kavu, na kile cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, wakati taa za sola na simu zenye betri za kuchajiwa zilipokuwa zimekwisha kubadili soko. Katika miongo hiyo watu walijifunza tabia za betri kwa uzoefu, bila kuambiwa na mtu. Wengi waliozaliwa kabla ya simu za mkononi wanakumbuka betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili redio isikike hadi taarifa ya habari ya jioni, au zilizobonyezwa kwa jiwe au kwa meno. Tabia hizo zina msingi. Joto huharakisha mwendo wa chembe katika uji na kupunguza ukinzani wa ndani. Kubonyeza husogeza unyevu uliobaki hadi mahali palipokauka. Faida yake ni ya saa chache. Madhara yake ni kwamba kopo la zinki, ambalo tayari limeliwa na kuwa jembamba, hupasuka.

Hapo ndipo werevu wa Gassner una gharama yake. Kwa kuwa chombo chenyewe ndicho kinacholiwa, betri ya aina hii huelekea kutoboka mwishoni mwa maisha yake. Umajimaji unaotoka una kloridi ya zinki na ya amoniamu, ni wa asidi hafifu, nao hula chemchemi na vibati vya kifaa. Zahanati nyingi zimepoteza mashine za shinikizo la damu zilizokuwa nzima kabisa kwa sababu ya betri iliyosahaulika ndani yake. Betri za alkali, zilizoenea baadaye, zina kopo la chuma lisiloliwa. Hata hivyo zikivuja hutoa hidroksidi ya potasiamu, inayounguza ngozi na hasa macho kuliko ile ya zamani. Jicho lililoguswa na majimaji hayo huoshwa papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukoma, kabla ya kumpeleka mtu hospitalini. Kwa vifaa, kinga ni nyepesi: kifaa kisichotumika kwa wiki kadhaa hutolewa betri, betri mpya haichanganywi na ya zamani, wala ya alkali na ya kawaida, kwa sababu iliyo dhaifu huishiwa kwanza na kusukumwa na wenzake hadi ivuje.

Unga mweusi nao una historia yake mitaani. Umepondwa na kuchanganywa na maji ili kusiliba ubao wa darasani, na pengine sakafu. Ni dioksidi ya manganizi pamoja na kaboni. Vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo, na dalili zake hufanana na ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Maarifa hayo yalitokana na wafanyakazi wa viwanda na migodi ya madini hayo. Mwalimu aliyesiliba ubao mara moja kwa mwaka hana sababu ya hofu kubwa. Watoto wanaotumwa kuponda betri ndio wanaofaa kukatazwa. Tena kwa zaidi ya nusu karne viwanda vilipaka zinki zebaki kidogo ili isiliwe bure. Zoea hilo liliachwa kwa betri za kawaida katika miaka ya 1990, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukalibana zaidi. Betri za kale zilizolala stoo zinaweza kuwa nayo bado. Hazitupwi katika tanuri la kuchomea taka za hospitali: hulipuka, na moshi wake hubeba metali.

Lakini jambo linalopasa kumkalia mhudumu wa afya akilini kuliko yote haya linahusu kizazi kipya kabisa cha betri, ile iliyo kama kitufe au sarafu. Imo katika vipima sukari, vipimajoto, mizani, vifaa vya kusikia, rimoti, wanasesere wanaoimba na kadi za sikukuu. Nyumba ya mgonjwa wa kisukari mara nyingi ina mbili au tatu. Mtoto wa miaka miwili huiona kuwa pipi inayong'aa.

Betri ya lithiamu yenye volti 3 na kipenyo cha milimita 20 hukwama kwa urahisi kwenye umio wa mtoto mdogo. Pale inapogusana na utando uliolowana mate, mwili wa mtoto unakuwa ile kadibodi iliyoloweshwa ya Volta: mkondo unapita katika nyama, maji yanavunjwa, na kwenye ncha hasi hutokea hidroksidi inayoyeyusha utando kama magadi makali. Si lazima betri ivuje. Si lazima iwe mpya. Iliyoshindwa kuwasha kipima sukari bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Uharibifu mkubwa huweza kutokea ndani ya saa 2. Siku kadhaa au hata wiki baadaye, baada ya betri kuondolewa, kidonda huweza kutoboa hadi kwenye koo la hewa au mshipa mkuu wa damu, na mtoto aliyeonekana kupona akatapika damu.

Dalili za mwanzo ni za kupotosha: kutokwa mate, kukataa chakula, kikohozi, kutapika, homa kidogo, au kutokuwepo kwa dalili yoyote. Mzazi mara nyingi hakuona kitu. Kwa hiyo mtoto aliyeanza ghafla kukataa kumeza, katika nyumba yenye vifaa vya namna hii, apigwe picha ya eksirei ya shingo, kifua na tumbo. Kwenye picha ya mbele, betri huonyesha pete mbili, moja ndani ya nyingine, kwenye ukingo. Sarafu huonyesha duara moja. Picha ya ubavuni huonyesha ngazi ndogo pale upande mpana unapokutana na mwembamba, na upande mwembamba ndio hasi, unaounguza zaidi. Mtoto aliyeambiwa "amemeza shilingi, itatoka yenyewe" kabla ya ukingo huo kuangaliwa vizuri yumo hatarini. Betri iliyo kwenye umio huondolewa kwa dharura kwa kifaa cha kuchungulia, bila kungoja asubuhi wala kungoja tumbo liwe tupu.

Njiani kuelekea hospitalini, mtoto asitapishwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa nguruwe, ulionyesha kwamba asali hufunika utando na kupunguza ukali wa hidroksidi, na miongozo ya vituo vya sumu vya Marekani imeukubali: kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri katika saa 12 zilizopita, hupewa mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asiyetimiza mwaka hapewi asali, kwa hofu ya sumu ya botulizimu. Zaidi ya asali, asipewe chakula wala kinywaji. Na safari haisimamishwi ili asali itafutwe. Kama haipo mkononi, gari liendelee. Betri iliyoingizwa puani au sikioni nayo ni dharura: isitiwe matone ya aina yoyote, kwa kuwa unyevu huongeza mkondo, na ukuta wa pua huweza kutoboka ndani ya saa chache.

Kliniki ya kisukari inayompa mgonjwa kipima sukari ina nafasi ya kumwonyesha mlango wa betri na kuhakikisha unafungwa kwa skrubu, au, kama skrubu haipo, kwa plasta ya dukani. Betri iliyokwisha hufungwa utepe wa gundi pande zote mbili mara inapotolewa, ikawekwa juu pamoja na dawa, mbali na macho ya mtoto, hadi siku mgonjwa atakapoirudisha kliniki.